Kabla Bahasha Haijafunguliwa

Umeme ulikatika Damiano, msimamizi wa mtihani, alipomaliza tu kunakili kazi ya mashine ya mwisho, na chumba cha kompyuta kikawa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Feni zilizima moja baada ya nyingine. Kilichobaki ni honi za malori yaliyopanga foleni hapo Tunduma kuvuka kwenda Zambia, yakigombana huko barabarani kama kawaida yao.

Loisi Siame, mwalimu wa somo hilo, alikuwa kwenye benchi nje ya mlango, pale alipoamriwa akae tangu mtihani ulipoanza. Aliruhusiwa kuwasha mashine asubuhi, basi. Baada ya hapo mwalimu wa somo hukaa nje kama mgeni asiyealikwa.

"Afande Shadrack, umeona?" alisema, kwa sauti ya kutosha kufika ndani. "Hata umeme umemwogopa msimamizi."

Askari aliyelinda mtihani aligeuza uso pembeni ili asionekane anacheka. "Madamu, usinichekeshe nikiwa na bunduki."

Loisi alitega sikio. Mwaka mmoja nyuma, utani kama ule ungejibiwa na kicheko kimoja kizito kutoka ndani, kicheko ambacho kilikuwa kikimfanya asahau alichotaka kusema. Leo hakikuja. Ilikuja sauti kavu.

"Mwalimu Siame, ingia. Mlango uache wazi."

Mwalimu Siame! Yule yule aliyekuwa akimwita Loi, na akikosea Loi wangu. Asubuhi hiyo, Damiano Kibona aliposhuka kwenye bodaboda pale getini na barua ya usimamizi mkononi, katoka Ileje kwao, Loisi nusura aangushe chupa ya chai. Walisalimiana kama watu wawili waliokutana kwenye foleni ya benki. Shikamoo hakuna, pole na safari hakuna. "Habari za kazi." "Nzuri." Yakaishia hapo.

Akaingia, na alipouona uso wa Damiano, utani ukamkauka mdomoni. Mtu huyo alikuwa na hofu.

Damiano aliigeuza kompyuta yake mpakato, iliyokuwa bado na chaji, ikamwelekea Loisi.

"Soma."

"Nisome nini?"

"Saa. Pembeni ya kila jina la faili."

Zilikuwa kazi za kundi la kwanza. Mashine ni chache, kwa hiyo watahiniwa waligawanywa: hawa walikuwa wamemaliza na kufungiwa darasani, wenzao walikuwa wamefungiwa maktaba wakisubiri zamu, na makundi hayo hayakupaswa kuonana hata kwa kukonyezana. Loisi aliinama. Faili la kwanza lilikuwa limeanza kuhifadhiwa saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. La pili, saa moja na robo. La tatu, saa moja vilevile. Akashuka na macho mpaka chini. Saa moja, saa moja, saa moja.

"Mtihani umeanza saa ngapi?" Damiano aliuliza polepole.

"Saa mbili. Umeikata bahasha wewe mwenyewe, mbele ya Afande."

"Basi hawa watoto walikuwa wanajibu kabla bahasha haijafunguliwa."

Loisi akavuta kiti, akakosea kukikalia, akashika meza.

Alijua maana yake. Matokeo ya wote yangefutwa. Yeye angeondoka hapo na Afande Shadrack, na safari hii bunduki isingekuwa ya utani. Na hawa ndio walikuwa kidato cha nne cha kwanza tangu shule ianze kutoa Kompyuta kama somo la kuchagua. Wazazi walikuwa wamebisha, wee! Mzee Masumbuko alipanda kutoka mbugani Momba na fimbo yake ya kuchungia, akasimama mlangoni hapo hapo, akauliza kwa nini binti yake Goodness aache Kilimo achukue hilo dude. "Linakamuliwa?" alitaka kujua. Loisi akamjibu, "Mzee, ukilijulia linakamuliwa." Mzee alicheka mpaka akakubali. Sasa Loisi alimwona akipanda tena, fimbo ile ile mkononi, akija kuuliza maziwa yako wapi.

"Uliwaonyesha maswali?"

Damiano alikuwa ameinamisha kichwa alipouliza.

"Unaniuliza kama msimamizi, au unaniuliza kama Damiano?"

"Damiano asingethubutu kuuliza."

"Basi mwambie msimamizi kwamba sikuwaonyesha chochote. Sijaiona hata rangi ya hiyo karatasi."

"Faili zinasema vingine."

"Na mimi ninasema hivi! Unaamini lipi?"

Damiano aliinua macho. Yalikuwa yale yale, meusi, yenye usingizi kidogo kwenye kona, na kwa dakika hiyo Loisi aliogopa kuliko alivyoogopa jela. Aliogopa kusikia jibu.

"Ninaweza kuzibadilisha," Damiano alisema kwa sauti ya chini. "Unajua naweza, ni kazi ya muda mfupi tu. Kila faili likasoma saa mbili, tukanyamaza, watoto wakaendelea na maisha yao. Mkono wangu umeshataka kufanya hivyo, Loi. Ndiyo maana nimekuita, nisije nikabaki peke yangu na mkono wangu."

Loi. Aliteleza, na wote wawili walisikia alivyoteleza.

Nje Afande alikohoa. Loisi alitazama vile vidole virefu juu ya kibodi, akatamani. Tusidanganyane, alitamani. Angeokoka yeye, angeokoka Goodness, na angeokolewa na mwanaume yule ambaye kila usiku wa mwaka mzima alijitahidi kumchukia akashindwa.

"Usiguse," alisema.

"Loi..."

"Nimekwambia toa mkono! Sijaiba kitu. Ukigusa hapo, nitakuwa nimeiba kweli, na wewe utakuwa umeiba pamoja na mimi. Mama yako anakutegemea wewe tu. Toa."

Damiano aliuondoa mkono, akauficha kwapani kama mtu aliyeungua. Wakakaa. Umeme haukurudi. Kutoka maktaba walisikia mtoto mmoja akipiga chafya, wa kundi la pili, akisubiri zamu ambayo labda isingefika.

"Lazima nipige simu halmashauri kabla hawajaingia," Damiano alisema. "Na kitu cha kwanza watakachoniuliza ni kama nafahamiana na mwalimu wa somo."

"Waambie tulifahamiana. Ikaisha."

"Iliisha kwa sababu ya nani?"

"Unataka tugombane leo? Leo, Damiano?"

"Sijui kama kesho nitaruhusiwa kuongea na wewe."

Hilo hata Loisi hakulijua.

Ugomvi wao ulikuwa huu. Kwa Wanamwanga kama kina Loisi, wenye ndugu ng'ambo ya mpaka, uchumba huanza na sahani: wazee wa kijana huja na sahani mbili, moja imefunika nyingine, zimefungwa kwa kitambaa cheupe, ndani mna kishika uchumba, na mjomba wa binti ndiye huipokea. Mjomba Rabson anaishi Nakonde, upande wa pili wa mpaka. Aliandika ujumbe kwa simu: waje saa nne asubuhi. Wazee wa Damiano wakateremka kutoka Mbebe, milimani huko Ileje, wakalala Tunduma, wakavuka. Na sahani ikarudi Mbebe bila kupokelewa.

"Mzee Jonasi aliyebeba sahani ni baba yangu mdogo, hajawahi kusema uongo," Damiano alisema. "Saa nne walikuwa getini kwa mjomba wako. Geti lina kufuli. Walikaa juu ya jiwe na sahani mapajani mpaka kitambaa kikawa chekundu kwa vumbi. Wapita njia wakawauliza wanauza nini. Wanauza nini, Loi! Mzee alirudi nyumbani akalala siku nzima amegeukia ukuta."

"Na mimi nilikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo," Loisi alijibu, sauti ikipanda. "Saa nne mjomba alikuwa amesimama getini kwa miguu yake, amevaa koti la harusi yake mwenyewe. Kuku wamechinjwa. Nimesukwa. Tumesubiri mpaka chakula kikapoa, hakuna mtu. Shangazi akanifumua nywele usiku ule, akasema ninyi Wandali mmetuona sisi watu wa kuchezewa."

"Sasa mmoja wetu ana mzee mwongo."

"Maneno hayo hayo uliniambia kwenye simu. Nikakata."

"Ukaizuia na namba yangu nisipige tena."

"Ndiyo. Na Jumamosi hii kuna sahani nyingine inakuja kwa mjomba, kutoka kwa mwingine." Hakupanga kulisema, lilimtoka tu. "Safari hii mjomba amesema ataipokea hata ikiwa tupu."

Damiano alisimama, akatembea mpaka ubaoni, akarudi, akakaa, na Loisi akaona kwamba ameishiwa rangi kuliko alipokuwa akisoma zile saa.

"Kimoja kimoja," alisema hatimaye, kama mtu anayejisemesha ili asianguke. "Tuanze na watoto. Jana nani aliingia humu?"

"Mimi peke yangu. Nilibadilisha betri."

"Betri zipi?"

"Zile ndogo za ndani, za kutunza saa. Zilikuwa zimekufa zote, kila umeme ukikatika mashine zinarudi mwaka ambao hawa watoto hawajaanza hata darasa la kwanza. Nikanunua nyingine pale sokoni mpakani, nikaweka, nikapanga tarehe na saa moja moja kwa mkono."

"Kwa kutazama saa gani?"

"Ya simu yangu. Nilikuwa nimeiweka pale di..."

Taratibu Loisi akageuka kutazama dirishani. Vioo vilielekea kusini. Ng'ambo ya barabara na malori yake, mabati ya Nakonde yalikuwa yanawaka jua, na juu yake ule mnara wa simu, mrefu, umesimama kama mtu aliyekuwa akimsubiri amwone.

"Mungu wangu," alinong'ona.

"Nini? Loi, nini?"

"Dirishani."

"Dirishani ndiyo nini? Mimi ni mtu wa Mbebe, sema nielewe!"

"Hapa dirishani simu inakuwa Mzambia! Inadaka mnara wa kule, inakukaribisha Zambia na saa inajibadilisha yenyewe. Na wenzetu saa yao iko nyuma. Kwetu ikiwa saa mbili, kwao ni saa moja." Alijishika kichwa. "Mimi ndiye huwa nawatania watoto: asiyetaka kuchelewa shule akae dirishani. Mimi mwenyewe! Nimezipanga mashine zote kwa saa ya Zambia."

Alitegemea Damiano atabasamu. Hakutabasamu.

"Hayo ni maneno," alisema. "Mimi nayaamini. Lakini nikiyaandika hivyo, watasema mchumba kamwokoa mchumba."

"Mchumba wa zamani."

"Kwenye kosa la mtihani hakuna wa zamani. Tunahitaji mashine ziseme zenyewe. Umeme ukirudi tuziwashe mbele ya Afande, tutazame sasa hivi zinasoma saa ngapi. Zikiwa nyuma ya saa yangu kwa saa moja, umepona."

"Kama zile betri zimeshika." Loisi aliitazama mashine ya karibu. "Za sokoni, Damiano. Sikuzijaribu kwa kuzima umeme, muda haukuwepo. Kama hazishiki, mashine zinaporudi zitakuwa zimesahau kila kitu. Zitarudi kule kwenye mwaka wa zamani, na sitakuwa na ushahidi wowote."

Wakatazamana. Zile mashine ambazo Loisi alikuwa akizifuta vumbi kila asubuhi zilikuwa zimekaa kwenye giza lao, kimya, zikiwa zimeshika maisha yake, na hakuna aliyejua kama zinakumbuka.

Damiano alimwita Afande Shadrack, akamweleza yote bila kuficha, na uchumba uliovunjika akautaja. Afande alisikiliza akikuna kidevu.

"Kwa hiyo mimi ni shahidi wa saa?"

"Ndiyo, Afande."

"Na kama zimesahau?"

Afande akaushusha mkanda wa bunduki begani, akaupandisha tena, akasema, "Madamu, keti. Utaanguka."

Umeme ulirudi ghafla, taa zikapepesa, na feni ya juu ikaanza kulalamika. Loisi hakuruhusiwa kugusa. Alisimama mikono nyuma, akauma mdomo, Damiano akaiwasha mashine ya kwanza. Ilichukua muda wake, kama bibi anayetafuta miwani. Kioo kikawa cheusi, kikawa cha bluu. Kona ya chini ikatokea tarehe.

Mwaka wa zamani. Januari mosi, saa sita usiku.

"Imesahau," Afande alisema.

Loisi akafumba macho. Aliona koti la mjomba, aliona fimbo ya mzee Masumbuko, akaanza kuomba kwa Kinamwanga, lugha ambayo huwa haombi nayo mpaka mambo yaharibike kabisa. Alisikia swichi ya mashine ya pili. Alisikia kiti. Alisikia Damiano akivuta pumzi na kuibana.

"Afande," Damiano alisema. "Njoo usome hii. Soma kwa sauti."

"Tarehe ya leo. Saa nne na dakika arobaini."

"Na saa yangu ya mkononi?"

"Tano na arobaini."

"Ya tatu hii hapa. Soma."

"Nne na arobaini na moja." Afande alicheka peke yake. "Wazambia watupu humu ndani!"

Nne nyingine zilisema vivyo hivyo. Ni ile ya kwanza tu iliyopewa betri mbovu. Loisi alikaa sakafuni pale pale, sketi na vumbi, akalia bila sauti, na Damiano aliyekuwa hatua moja tu kutoka kwake hakumgusa, maana mlango ulikuwa wazi na askari alikuwa shahidi. Alimtazama tu. Lakini alimtazama kwa namna ambayo Afande aliona ni vyema aende akaangalie hali ya hewa.

"Nitaandika kwamba mashine zilikosea saa," Damiano alisema.

"Hapana. Andika kwamba ni mimi niliyekosea. Weka jina langu lote. Mashine haijipangi saa yenyewe."

"Watakuita ujieleze. Huenda ukapewa onyo."

"Naogopa, ndiyo. Lakini andika."

Akaandika. Akapiga simu, akasikiliza muda mrefu, akijibu "ndiyo mheshimiwa" kila baada ya muda, huku Loisi akijaribu kuusoma mgongo wake. Mwisho akageuka: kundi la pili liendelee, mashine yoyote isiguswe, ile iliyosahau iachwe bila mtu, maelezo yaambatishwe, na mwalimu wa somo afike Jumatatu kueleza kwa mdomo. Hakuna aliyesema amesamehewa. Hakuna aliyesema amefukuzwa.

Kwa hiyo Goodness, binti wa mzee Masumbuko, alifanya mtihani wake wa vitendo kwa saa ya Zambia, akatoka akichezesha vidole, akamnong'oneza mwalimu wake, "Madamu, limekamulika."

Jioni ilipokaribia kuingia, Loisi alikuwa bado kwenye benchi. Bahasha zilikuwa zimefungwa kwa lakiri na gari la kuzichukua lilikuwa njiani. Damiano alitoka ndani akiwa amekunja uso, akakaa mwisho kabisa wa benchi, akaacha nafasi ya mtu wa tatu katikati.

"Kuna kitu kinanisumbua," alisema.

"Sema. Leo nimeshazoea."

"Mzee Jonasi hana simu. Ana saa ya mkononi, aliachiwa na babu. Anaipanga kwa redio kila asubuhi."

"Hongera yake."

"Alivuka nayo kwenda Nakonde, Loi. Ile haina mnara. Haiwezi kujibadilisha."

Loisi alianza kujibu kwa utani, na utani ukamfia. Akaona kufuli getini, kumbe shangazi na mjomba wako sokoni kununua kuku na yeye yuko kwa msusi, maana kwao bado ni saa tatu. Akawaona wazee juu ya jiwe, wanaondoka kwa uchungu kabla ya saa tano yao. Na mjomba anarudi, anavaa koti, anakwenda kusimama kwenye geti lile lile, saa nne kamili.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana. Damiano, mwaka mzima?"

"Mpigie."

"Naogopa."

"Mimi pia. Piga."

Simu yake ilikuwa imeshatoka kwenye sanduku la Afande, zilikofungiwa simu za walimu tangu asubuhi. Alipiga, akaiweka kwenye spika. Mjomba Rabson alipokea kwa sauti yake ya kuita mbuzi.

"Mama! Mulishani, hujambo? Mtihani umekwendaje?"

"Salama, mjomba. Nina swali dogo tu." Kwenye benchi, ile nafasi ya mtu wa tatu ilikuwa imeshatoweka, na hakujua nani aliyesogea. "Ile siku ya sahani, ya wale wa Mbebe. Uliwaambia waje saa nne. Saa nne ya wapi?"

Kuku mmoja alilia kule Nakonde.

"Ya hapa, mama," mjomba alisema kwa mshangao. "Kwani kuna nyingine?"

Damiano alijifunika uso kwa viganja vyote viwili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Loisi alishindwa kujua kama analia au kama ni kile kicheko kizito alichokitegea sikio tangu asubuhi. Akaushika mkono wake, hadharani, Afande akitazama malori.

"Mjomba," alisema, "uko wapi? Umesimama? Basi tafuta kiti kwanza."